MJADALA: Sare niliyokatwa mshahara, nikiacha kazi ni yangu au ya kampuni?

Wakuu, habari za jioni. Nina jambo linaloonekana dogo lakini leo ni siku ya 41 linanikalisha bila mshahara wangu wa mwisho.

Nilikuwa mlinzi kwenye kampuni moja hapa Dar, jina naliacha. Miaka mitatu na miezi minne, malindo yangu mengi yakiwa Mikocheni, la mwisho ghala moja Vingunguti. Siku ya kuanza nilipewa mashati mawili, suruali mbili, sweta, kofia, mkanda, buti jozi moja, kirungu, filimbi na kitambulisho. Miezi minne ya kwanza nikakatwa 20,000 kila mwezi, kwenye slipu imeandikwa neno moja tu, "sare". Hakuna aliyeniambia kama nimeuziwa au ni dhamana. Na mimi sikuuliza. Mtu aliyesota mtaani mwaka mzima hafiki kazini siku ya kwanza na maswali.

Nimeacha kwa heshima. Barua nimeandika, notisi ya siku 28 nimeitumikia yote, lindo nimelikabidhi kwa supavaiza. Nikaenda stoo na mfuko wangu. Ikaonekana shati moja halipo na buti hazipo. Shati liliondoka na vibaka Tandale, walikomba kamba nzima usiku, mpaka shuka la mpangaji mwenzangu. Losti ripoti ya polisi ninayo tangu siku ile. Buti zilikufa mwaka wa pili, soli ikaachama, na mvua ya masika nikaipokea kwenye soksi. Nilipoomba nyingine nikaambiwa nisubiri, nikasubiri, mwisho nikanunua za mtumba Karume kwa hela yangu nikaendelea kulinda mali ya watu.

Sasa wanasema nilete shati na buti, au nilipe 95,000, bei ya vitu vipya. Nisipofanya hivyo fomu ya klirensi haisainiwi, na fomu isiposainiwa uhasibu haulipi. Mshahara wa mwezi wa mwisho, likizo ambayo sikwenda, kiinua mgongo, cheti cha utumishi, vyote vimelala kwa ajili ya shati.

Msimamo wangu niuseme mapema ili tusizunguke. Sare irudi. Kitambulisho na kirungu nilivitoa vya kwanza kabla sijaulizwa, maana najua mtu mwenye nembo ya ulinzi anavyofunguliwa geti bila swali. Ninachokataa ni kuuziwa na kuazimwa kitu kimoja. Ukinikata hela ya sare, umeniuzia. Kama hukuniuzia, ile 80,000 ni dhamana yangu na irudi siku sare inarudi. Sweta nililopewa mimi lilikuwa na jina la mtu limeandikwa kwa peni ndani ya kola. Nililikatwa kama jipya. Bila shaka mwenye jina lile naye alikatwa. Sweta moja, hela mara mbili, na nikilirudisha litamkuta wa tatu.

Leteni hoja, hasa mliowahi kukaa upande wa stoo.

Stoo Kipa

Nimekaa stoo ya kampuni ya ulinzi miaka sita, kwa hiyo nipigeni mawe taratibu. Mkuu, wewe umeandika barua na umerudi na mfuko. Wenzako hawaji. Kuna mwezi nilipokea taarifa za watu 11 walioacha, seti kamili zilizorudi zilikuwa 4. Wengine mshahara ukiingia tu simu imezimwa, na wiki ijayo unamkuta lindo la kampuni nyingine kavaa suruali yetu na shati la kule. Ukimlipa mtu kwanza halafu ukamwambia alete sare, hurudishiwi hata kofia. Mshahara wa mwisho ndiyo kamba pekee tuliyobaki nayo mkononi.

Halafu msiichukulie sare kama nguo. Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku 7 kwa raia wenye sare za jeshi au mavazi yanayofanana nazo wazisalimishe. Unadhani ni kwa sababu ya bei ya kitambaa? Shati la mlinzi likiingia mikononi mwa mwizi, mwenye nyumba atakayeibiwa hamfuati mwizi, anatufuata sisi.

Mleta mada

Stoo Kipa, la mwizi kuvaa sare nimelikubali kabla hujalisema. Ila jeshi halikumkata mwanajeshi wake 20,000 miezi minne. Na sweta lile? Hilo umelipita.

Stoo Kipa

Sweta sina jibu. Makato yalikuwa yanatoka ofisini, stoo tunagawa tu. Na ndiyo, nilikuwa nagawa yaliyorudi. Yanafuliwa, yanakunjwa, yanatoka.

Wakili wa Kijiweni

Sheria ipo na haijaficha kitu. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinasema mwajiri hakati mshahara ovyo. Akitaka kukata ili afidie kitu kilichopotea au kuharibika, lazima uwe umekubali kwa maandishi, hasara iwe imetokea ukiwa kazini na kwa kosa lako, akupe maandishi yanayoonyesha chanzo, kiasi na alivyokipigia hesabu, na akupe nafasi ya kubisha. Deni lisizidi hasara halisi. Na makato yote ya namna hiyo yasizidi robo ya mshahara wako wa fedha taslimu.

Lipimeni shati la mleta mada hapo. Kuibiwa kambani na losti ripoti juu, kosa lake liko wapi? Kuna atakayesema alifua jioni akaacha nguo nje, sawa, hiyo ndiyo nafasi ya kubishana. Lakini "hasara halisi" ndipo kampuni nyingi zinapoanguka. Shati la miaka mitatu, kola imechanika, rangi imepauka kwa jua la getini, hasara yake haiwezi kuwa bei ya shati lililoko kwenye nailoni. Na buti zilizokufa kwa kuvaliwa kazini hazijapotea, zimetumika. Ndiyo kazi ya buti.

Kushikilia mshahara wote ni kukata asilimia mia bila kuandika neno "makato". Kifungu cha 44 kinataja anachodai mfanyakazi ajira ikikoma, ikiwemo mshahara wa kazi aliyokwisha kuifanya na malipo ya likizo, na kinamtaka mwajiri atoe cheti cha utumishi. Hakikuweka sharti la shati.

Ila mkuu, kiinua mgongo sahau. Kile ni cha aliyeachishwa na mwajiri baada ya kutimiza mwaka, siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka. Wewe uliacha mwenyewe. Ukikichomeka kwenye madai watakudhoofisha na mengine yote.

Dada wa Pampu

Mimi nilikuwa kituo cha mafuta. Sketi niliyopewa ingeingia watu wawili, nikaipeleka kwa fundi ipunguzwe kiuno, hela yangu. Siku naondoka naambiwa niirudishe imefuliwa na kupigwa pasi. Nikawauliza, atakayepewa hii mtampima kwanza kiuno? Wakacheka, lakini wakaipokea.

Kwa kweli nguo iliyogusa mwili wa mtu miaka miwili haina haja ya kurudi. Buti ndiyo kabisa, jamani, fangasi za mwenzio unazivaa ili iweje? Kituo nilichohamia wana utaratibu ninaoupenda: unaleta sare, wanaibandua nembo kwa wembe mbele yako, unasaini, unaondoka na kitambaa chako ukapige deki nacho.

Stoo Kipa

Dada, kwa pampu inawezekana. Kwa mlinzi rangi yenyewe ni nembo. Usiku getini nani anasoma kifua?

Soja wa Kasarani

Salamu kutoka Nairobi, huku tunaitwa soja. Shida ni ile ile. Sheria yetu ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyopotea au kuharibika, lakini iwe ni makusudi ya mfanyakazi, na makato yote kwa jumla yasipite thuluthi mbili za mshahara. Kwa hivyo nguo ikiibwa kwa kamba huwezi kuniambia nilikusudia.

Lakini nawaambia ukweli, hakuna soja aliyewahi kuenda mahali akasema kifungu cha 19. Analipa aende. Mimi nililipia koti la mvua ambalo sikuwahi kupewa, kwa sababu kwenye daftari la stoo lilikuwa limeandikwa kwa jina langu. Siku naajiriwa niliweka sahihi ukurasa mzima bila kusoma. Koti halikuwepo stoo siku ile, wakasema litakuja.

Fundi Ujenzi

Sisi wa saiti helmeti, reflekta na buti za chuma ni vifaa kinga. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri avitoe kwa gharama yake. Mkandarasi mmoja alitukata hela ya helmeti, siku wakaguzi wa OSHA walipopita tukaambiwa tuseme tumepewa bure. Tukasema. Nyumbani kuna watoto.

Nesi wa Wilaya

Serikalini kwetu wauguzi ni rahisi kidogo. Kuna posho ya sare, unashona mwenyewe, ukistaafu gauni ni lako. Mbona kampuni haziigi hivi? Mpe hela, mwambie rangi, nembo tu ndiyo iwe ya kampuni na irudi.

Mtoto wa Mbagala

Mnabishana vinavyotoka kwa mfanyakazi kwenda kwa bosi. Nani anaangalia vinavyotakiwa kurudi kwa mfanyakazi?

Nilikaa kibanda cha miamala mwaka mmoja na nusu. Bosi alitaka laini ya kuongea na wateja isajiliwe kwa namba yangu ya NIDA na dole langu, yeye alikuwa safarini. Nilipoacha nikarudisha kila kitu: simu, daftari, funguo, stuli. Laini nayo nikairudisha, si ya kazi? Juzi nimepiga *106#, bado iko kwa jina langu. Namba inapokelewa na kijana nisiyemjua. Akimtapeli mtu kesho, polisi watakuja kwa mama yangu, si kwa bosi. Nimempigia mara tatu anasema "tutashughulikia". Shati la huyu ndugu limezuia mshahara siku 41. Jina langu halijazuia kitu.

Wakili wa Kijiweni

Mdogo wangu, hilo la laini usisubiri bosi. Nenda duka la mtandao husika na kitambulisho chako, waambie waiondoe kwa jina lako. Leo.

Mleta mada

Nimewasoma wote. Kiinua mgongo nimekitoa kwenye madai, ahsante wakili, ningeaibika.

Stoo Kipa, nakuuliza kwa nia njema. Wewe ungekuwa unaipokea sare yangu, ungefanyaje? Maana yule aliyenipokea hakunipa hata karatasi ya vile nilivyovirudisha. Aliweka tiki kwenye daftari lake na penseli.

Stoo Kipa

Penseli? Hapo umeshikwa pabaya. Penseli inafutika, na miezi mitatu baadaye utaambiwa hukurudisha chochote. Nimeona mtu akitishwa wizi wa mtumishi kwa kirungu kilichokuwa kinaning'inia ukutani kwangu. Rudi kesho, andika orodha mwenyewe nakala mbili, kitu kimoja kimoja na hali yake, kimechakaa andika kimechakaa. Aweke sahihi na muhuri. Akikataa, iandikie barua ofisi ya utumishi yenye orodha ile ile, na nakala yako igongwe muhuri wa mapokezi. Mapokezi huwa wanagonga bila kusoma.

Na kwa uaminifu, ningekuwa mimi ningekuandikia nusu bei ya shati, buti ningezifuta, mshahara ungetoka wiki ile ile. Lakini kwa miaka sita sijawahi kupewa mamlaka ya kuandika "nusu bei". Fomu ilikuwa na visanduku viwili tu, "kimerudi" na "hakijarudi".

Wakili wa Kijiweni

Na uhesabu siku. Madai ambayo si ya kuachishwa kazi yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 60 tangu mgogoro utokee. Ya kuachishwa ni siku 30, ila hayo si yako. Ukianza kuhesabu siku waliyokukatalia malipo, zimebaki 19. Ukichelewa utalazimika kuomba kwanza usikilizwe nje ya muda, na sababu ya "nilikuwa nangoja wanipigie" haiwafurahishi. Fomu namba moja ya CMA unaijaza, unampelekea mwajiri nakala yake, unarudi na ushahidi kuwa ameipata. Peleka slipu zote nne zenye neno "sare", mkataba na losti ripoti.

Mleta mada

Slipu tatu ninazo. Ya mwezi wa pili panya walishaianza, ila neno "sare" na 20,000 vinasomeka. Jumatatu saa mbili asubuhi nipo getini kwao na orodha nakala mbili. Lindo la hapo getini yupo yule niliyemfundisha kazi mimi mwenyewe, sijui atanifungulia au ataniambia nisubiri kwenye benchi la wageni.