Bendi ya Norwei iliyoshika mkia Eurovision 2024, nianzie albamu gani?

Mpenda_Vinanda: Wadau kwema? Yutubu imenirushia hawa Gåte wa Norwei, wimbo Ulveham waliopiga Eurovision, yale mashindano ya nyimbo ya Ulaya, kule Malmö Uswidi 2024, aisee yule dada anaanza na ukelele wa juu mpaka mwili unasisimka af gitaa za rock zinaingia kwa fujo. Kile chombo cha upinde kama fidla ila kina vibonyezo pembeni ni nini? Na kwa nini walikuwa wa 25 kati ya 25, pointi 16 tu, Ulaya hawana masikio??

Kigoda: Mkuu hiyo nyckelharpa, kiasili ni ya majirani zao Waswidi. Mkono mmoja unavuta upinde, mwingine unabonyeza vile vitufe ndo vinaminya nyuzi badala ya vidole, af kuna nyuzi zingine haziguswi kabisa, zinavuma zenyewe ukipiga za juu, ndo maana kinasikika kama kiko pangoni. Wanorwei wenyewe wana hardingfele, fidla yao, nayo ina nyuzi za kuvuma hivohivo.

BintiPwani: Anza na Jygri ya 2002, usizunguke. Bendi aliianzisha Sveinung Sundli 1999 na anayeimba ni mdogo wake Gunnhild, kwenye Jygri ana miaka 17 tu bana! Wanachukua nyimbo za zamani za vijijini wanazitia umeme. Iselilja ya 2004 nayo kali ila mi naona imepigwa pasi sana. Na huo ukelele unatokana na wito wa wanawake wa kuitia ng'ombe milimani, lazima upande juu ufike mbali.

mzee wa santuri: Sasa wimbo wa binti aliyelogwa na mama wa kambo akawa mbwa mwitu, harudi kuwa mtu mpaka anywe damu ya kaka yake, tena Kinorwei kitupu, mlitaka nani apige kura? Na bado sheria za shindano ziliwalazimu wabadilishe maneno kwa vile walichukua kipande cha wimbo wa kale. Ila vijana msidhani Gåte ndo waanzilishi, tafuteni bendi ya Folque, albamu yao ya kwanza 1974, fidla na gitaa la umeme humohumo.

Mpenda_Vinanda: Damu ya kaka?? na mi nimeifanya mlio wa simu 😂 Folque naitafuta leoleo

BintiPwani: usiibadilishe, kaka yako akipiga usipokee tu