Primary Colors, The Ides of March au The Front Runner: ipi nianze nayo?

Mtu_wa_Sofa
Wakuu habari zenu. Wikiendi hii nipo bure, nataka nikae na muvi moja ya siasa ila sio zile za rais anaruka na helikopta anapigana na magaidi, nataka ya kampeni yenyewe, mgombea anautaka urais, ana madudu yake kayaficha na timu yake inajua ila inajifanya haijui. Nimeulizia huku na kule nikapewa tatu, zote za Marekani: Primary Colors ya 1998, The Ides of March ya 2011 na The Front Runner ya 2018. Trela nimeziona zote zinafanana tu, mwanaume kavaa suti anapungia watu mkono halafu muziki unakuwa mzito. Walioziona naomba mnilinganishie. Na tafadhali mwisho msinimwagie.

MzeeWaKaseti
Primary Colors, wala usiumize kichwa. Ina dakika 143 lakini usiogope huo urefu.

Nikupe picha ya kwanza tu maana hiyo sio kumwaga kitu. Muvi inaanza huoni sura, unaona mikono. Gavana Jack Stanton (John Travolta) anasalimia watu, na msaidizi wake mmoja anamfundisha kijana mgeni jinsi ya kuisoma ile salamu, kwamba mkono wa kulia sio ishu, angalia wa kushoto unakwenda wapi. Ukishika kiwiko maana yake moja, ukipanda kwenye msuli wa juu maana yake nyingine, ukifika begani tena sio ukaribu ule. Yaani dakika ya kwanza umeshaambiwa huyu jamaa mapenzi yake kwa watu ni ufundi, kisha dakika chache mbele wanaingia darasa la watu wazima wanaojifunza kusoma, jamaa mmoja anasimulia alivyopitishwa shule nzima bila kujua kusoma, Stanton analia, na wewe uliyeambiwa kabisa kwamba ni ufundi unajikuta na wewe koo limekaza. Halafu kidogo tu unamuona anatoka chumba cha hoteli na mwalimu wa hilo darasa huku anafunga funga nguo. Ndo muvi yote hiyo. Unampenda, anakuudhi, unampenda tena, unajichukia.

chini_ya_zulia
Mzee namheshimu ila hapa hapana. Primary Colors ni tamu lakini imejaa, kuna vichekesho, kuna majonzi, kuna mapenzi, kila kitu kimetiwa. The Ides of March ni dakika 101, haina mafuta. George Clooney kaiongoza mwenyewe na ndo gavana Mike Morris humo ndani, lakini steringi sio yeye, ni Ryan Gosling, kijana wa mawasiliano kwenye kampeni anayemuamini bosi wake kama dini.

Scene moja tu. Meneja wa kampeni (Philip Seymour Hoffman, huyu mtu alikuwa anajua kazi aisee) yupo kinyozi, gari jeusi kubwa linakuja linasimama nje, anaitwa, anaingia. Kamera inabaki NJE. Husikii neno hata moja, unaangalia tu ubavu wa gari linavyosogea taratibu kwenye skrini. Mlango unafunguka, anashuka, gari linaondoka. Hujaambiwa kitu na umeelewa kila kitu. Muvi nyingine hapo ingekupigia hotuba ya dakika tano na violini juu.

Na ukitaka kujua siasa zao zinavyopikwa ndo hii hii. Kura za mchujo za Ohio (chama kinachagua nani atakuwa mgombea wake wa urais), kuna seneta ana wajumbe wake mfukoni anawauza kwa anayemuahidi cheo, na kuna hesabu kwamba kule mchujo uko wazi kwa hiyo wapinzani wanaweza kuingia kupiga kura upande wa pili wamchague yule watakayemuweza mbele ya safari. Hayo mambo wanayaongea kama mafundi gereji wanaongelea gia. Alieandika tamthilia iliyozaa hii muvi, Beau Willimon, alishafanya kazi kwenye kampeni ya Howard Dean aliyeutaka urais 2004, unasikia kabisa kwamba huyu mtu amelala kwenye hizo ofisi.

Nuru.K
Jina lenyewe limebeba. Waliosoma Juliasi Kaizari ya Mwalimu Nyerere watakumbuka lile onyo la tarehe 15 Machi, ndo hiyo Ides of March. Ila kwenye hii muvi muulize nani Kaizari na nani Bruto rafiki aliyemsaliti, mimi nimeangalia mara mbili na bado nabadilisha jibu.

MzeeWaKaseti
@chini_ya_zulia hiyo scene ya gari nakupa, safi sana. Lakini nijibu kitu kimoja, Morris wa Clooney unampenda saa ngapi? Ni bango. Hata posta ya muvi yenyewe Clooney ni sura kwenye jalada la gazeti lililokunjwa, Gosling kalishika mbele ya nusu ya uso wake. Kwenye ile tamthilia mgombea haonekani hata jukwaani! Kwa hiyo ikija kugundulika ana uchafu mimi siumii, naona tu bango limechanika. Stanton akiharibu naumia kama ndugu yangu.

chini_ya_zulia
Ndo uzuri wake mzee. Watu wengi mgombea wanamjua kwa bango tu.

dada_reli
Mbona The Front Runner mnaipita kama haipo jamani. Hii ni ya kweli, sio gavana wa kubuni. Gary Hart, seneta wa Colorado, 1984 alimtoa jasho Walter Mondale kwenye mchujo, kwa hiyo akija uchaguzi wa 1988 yeye ndo anaongoza wote. Katangaza kugombea 13 Aprili 1987, kajitoa 8 Mei. Hata mwezi haukuisha! Hugh Jackman anamcheza, na anamcheza kama mtu anayejua sera zote ila ukimuuliza habari za nyumbani kwake anakuona umemvunjia heshima.

Kitu nilichopenda ni kwamba muvi haikai kitandani, inakaa kwenye vyumba vya habari. Waandishi wa gazeti la Miami Herald wanajificha nje ya nyumba yake Washington usiku, halafu yeye mwenyewe anawafuata kwenye kichochoro, na pale hakuna anayejua afanye nini maana hajawahi mtu kufanya hivyo kwa mgombea wa urais, wao wenyewe wanaonekana wana aibu. Watu husema Hart kajitakia kwa sababu aliwaambia waandishi wamfuate waone atakavyowaboa, lakini ile kauli ilitoka gazetini siku ile ile ya stori ya Herald, na Herald walianza kumfuatilia kwa sababu ya simu waliyopigiwa kwamba ana mwanamke nje ya ndoa. Na ile picha maarufu ya huyo mwanamke kakaa mapajani kwa Hart ilichapishwa AMESHAJITOA. Wengi wanadhani picha ndo ilimmaliza.

Ubaya wake, nikiri tu, ni baridi. Watu wengi, maneno juu ya maneno, kuna dakika ishirini za mwanzo nilikuwa sijui nani ni nani. Mke wake (Vera Farmiga) ndo anaamsha muvi kila akiingia.

Kobe_Msomi
nimeiacha katikati hiyo ya Hart. naomba nisilaumiwe

dada_reli
Nakulaumu 😂

baba_wawili
Mimi ningeongeza The Candidate ya 1972, Robert Redford. Mzee ya zamani lakini haijachuja. Mgombea kijana mzuri wa sura anaingia akiwa na misimamo yake, na kadri anavyopanda kwenye kura za maoni ndivyo misimamo inavyopungua, hadi mstari wake wa mwisho kwenye muvi nadhani ndo mstari bora wa mwisho kwa muvi zote za siasa. Alieandika, Jeremy Larner, alikuwa anamuandikia hotuba Eugene McCarthy, seneta aliyeutaka urais 1968, akachukua Oscar kwa hii.

chini_ya_zulia
Nzuri ila ile ni useneta wa California, mleta mada kasema urais.

baba_wawili
Sawa afisa wa tume.

Kobe_Msomi
swali la kizembe, huyo Stanton si ndo Bill Clinton tu wamembadilisha jina?

MzeeWaKaseti
Sio swali la kizembe. Kitabu kilitoka 1996 bila jina la mwandishi, Washington yote ikawa inatafuta nani kaandika, mwishoni Joe Klein akakubali kwamba ni yeye, mwandishi aliyefuatilia kampeni ya 1992. Gavana wa kusini, anapenda kula, mke anamzidi akili darasani, kanda za simu za mwanamke zinatoka kabla ya mchujo wa New Hampshire... mtu mzima haambiwi. Na muvi ikaingia kumbi za sinema Machi 1998, miezi miwili tu baada ya ile skendo ya Clinton na Monica Lewinsky Ikulu kulipuka, ungedhani wamepanga. Wala haikuwasaidia mauzoni, nadhani watu walikuwa wanaipata bure kwenye taarifa ya habari kila jioni.

Ila ukiishia kwenye "ni Clinton" unaikosa muvi. Mwangalie Kathy Bates. Anamcheza Libby, rafiki wa zamani wa Stanton na mkewe, katoka hospitali ya akili, anaitwa kuja kufagia uchafu kabla wapinzani hawajaupata. Anaingia kwa matusi na bastola unacheka hadi machozi, halafu...

Nuru.K
MZEE

MzeeWaKaseti
Nimeacha nimeacha.

Mtu_wa_Sofa
Wakuu nimerudi. Jana usiku nimeangalia Primary Colors, nimemaliza saa nane nikakaa tu naangalia ukuta. (Wasioiona pitisheni macho haraka.)

Mzee uko sahihi kuhusu mkono wa kushoto, nilijikuta muvi nzima naufuatilia. Lakini kilichonikamata sio skendo, ni lile duka la donati usiku. Mambo yameharibika, timu inahaha, yeye yupo peke yake na yule mfanyakazi wa kaunta anamsikiliza, hamna kamera, hamna mwandishi. Hapo nikasema huyu mtu anapenda watu kweli. Halafu nikakumbuka yule binti wa yule jamaa wa mgahawa wa nyama choma, aliyesemekana ana mimba ya Stanton, na alichofanya Stanton kwenye vipimo vya damu, tena baba wa binti ni rafiki yake anayempikia. Ni mtu yule yule. Mikono ile ile. Hadi sasa sijaweza kuwatenganisha.

Na Libby. Nilikuwa bado nasubiri aje kuchekesha.

Ila nina ugomvi na Henry, yule kijana mgeni wa mwanzoni. Mwisho pale kwenye dansi ya kuapishwa, amesimama kwenye mstari machozi yanamlenga na anapokea ule mkono. Mimi nadhani ningetoka mlangoni. Nadhani. Nimeirudia hiyo dakika mara tatu nikijaribu kuona kama ana furaha.

dada_reli
Mimi nilidhani ana furaha. Mume wangu akasema analia.

Mtu_wa_Sofa
Leo usiku naingia kwenye ya Clooney, nataka nilione hilo gari.