Ushauri jamani: filamu gani inaweza kupatanisha kaka yangu na rafiki yangu?

MtuWaOli: Habari zenu wakubwa. Niko Arua. Kaka yangu na rafiki yangu wa tangu shule ya msingi hawasalimiani, hata msikitini mmoja akimuona mwenzie anabadili safu. Mimi niko katikati hata chakula hakipiti. Nimefikiria niwaite wote tuangalie filamu moja ya maana kuhusu undugu na urafiki, labda mioyo italainika. Mnishauri ipi? Isiwe ya ngumi.

MamaZulfa: Queen of Katwe, ya 2016, ile ya Phiona, msichana maskini wa Katwe kule Kampala anayejifunza chesi. Binti yangu mkubwa alikuwa haongei na mimi kwa ajili ya kijana mmoja wa boda, tukaiangalia wote, tulipofika pale Night, dada yake Phiona, anarudi nyumbani na mimba na mama anampokea, binti akainuka akaenda kuosha vyombo bila kutumwa. Usiku ule ule tukaanza kuongea mpaka saa nane.

Ssalongo_K: Filamu ndio zinaharibu vijana. Ita wazee, chinjeni kuku, yaishe.

KijanaKoboko: Ugomvi wenyewe ni wa nini? Mbona husemi?

MtuWaOli: Mambo ya pesa kidogo tu. Nimeuliza filamu.

KijanaKoboko: Ssebo, pesa kidogo haimnyimi mtu chakula. Sema.

MtuWaOli: Haya. Mimi na rafiki tuna kibanda cha video, tunaonyesha mpira wa Uingereza na filamu za VJ, zile anazotafsiri mtu kwa sauti juu yake. Projekta na spika ni pesa yake, kiwanja ni cha marehemu baba. Kaka karudi kutoka Juba anataka rafiki atoke aingie yeye. Nikampa ufunguo, akabadilisha kufuli. Lakini mnielewe jamani, baba alipofariki kaka ndiye alinilipia ada, ningemkatalia na uso gani? Damu ni damu.

DadaWaMbale: Damu ni damu? Scar kwenye The Lion King ya 1994 ni ndugu wa Mufasa kabisa na ndiye aliyemuua akamfukuza mtoto, waliomlea Simba porini ni Timon na Pumbaa ambao hawana hata ukoo naye. Na kocha Katende huko Katwe, Phiona si mwanawe, ila alimfuata mama yake akaongea naye uso kwa uso ndipo msichana akaendelea na chesi. Kaka yako aliongea na nani kabla ya kufunga mlango wa mtu?

MtuWaOli: Dada usimfananishe kaka yangu na Scar tafadhali. Ana watoto, anahangaika. Rafiki nitamlipa pole pole.

BwanaMashaka: Ngojeni kwanza. Kaka karudi Juba, kiwanja cha marehemu, kufuli jipya… banange hii ni filamu yenyewe! Jamaa anatunga, anataka tummalizie bure.

Ssalongo_K: Hata mimi nilishuku. Mtu na shida ya kweli haulizi filamu.

MtuWaOli: Natunga? Rafiki anapita hapa kila asubuhi na baiskeli, hanitukani, hasemi habari ya pesa, anauliza tu kama mvua haijaingia ndani maana spika kubwa iko chini sakafuni na bati la upande ule linavuja. Nikimuona tu kwa mbali nataka kujificha. Mtu atunge hiyo kwa faida gani?

MamaZulfa: Pole mwanangu. Mimi nakuamini.

DadaWaMbale: Basi anza na spika. Leo hii mwambie kaka afungue, uiinue pale chini umpelekee mwenyewe. Queen of Katwe ni dakika 124, itawasubiri.

KijanaKoboko: Na risiti ya projekta imeandikwa jina la nani?

MtuWaOli: Langu. Mimi ndiye nilienda Kampala kununua, yeye alibaki anaezeka bati.