Naomba ushauri: tunaenda Malawi kihuduma, tubebe dagaa au fedha?

Wakuu habari zenu. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha uinjilisti kanisani kwetu, Igoma hapa Mwanza. Tunajiandaa kwenda Karonga, Malawi, kupitia Mbeya na mpaka wa Kasumulu. Hali ya kule mnaisikia: Novemba 2023 kwacha, fedha yao, ilishushwa thamani kwa asilimia 44, na dola ni ya kutafuta kwa tochi.

Tumeshanunua magunia sita ya dagaa wa kugawa kule, pale Mwaloni, Kirumba. Yamejaa stoo ya kanisa mpaka majoho ya kwaya yananuka. Juzi mzee mmoja akatucheka: wenzenu wana usipa, dagaa wao wa ziwani, nyie mnawapelekea dagaa? Nikakosa jibu. Je, tuuze, tubebe fedha, tununue mahindi hukohuko? Na shilingi tubadilishe mpakani au benki?

Kinachoninyima usingizi zaidi ni hiki: wenzangu wanataka watu wahubiriwe kwanza ndipo wagawiwe. Mimi naona mwenye njaa ataokoka kwa ajili ya unga tu. Nikisema, naambiwa nina imani haba. Mliowahi kuhudumu huko, mlipangaje?