Fidla gredi 3: ABRSM ya ana kwa ana, ABRSM ya video, Trinity, au okestra kwanza?

Mama Riziki (Nairobi)
Wazazi wenzangu na walimu, naomba mnisaidie kulinganisha. Mtoto ana miaka 9, fidla ya nusu (saizi ya watoto), mwalimu amesema yuko tayari kwa gredi 3 muhula ujao. Vipande anavipiga vizuri, tena kwa kichwa. Shida ni kusoma: ukimwekea noti ngeni mbele yake, anasubiri apigiwe kwanza ndipo aige. ABRSM na Trinity ni bodi za Uingereza za mitihani ya muziki. Machaguo ni manne: ABRSM mbele ya mtahini, ABRSM ya kurekodi video, Trinity, au kuacha mitihani mwaka huu aingie okestra ya watoto. Muda na pesa vinatosha kimoja tu. Na fidla ya nusu inaanza kumbana. Nibadilishe kabla ya mtihani au baada?

Mwl_Kigingi
Anza na hesabu ya alama, maana hapo ndipo mitihani hii inapotofautiana hasa.

ABRSM ya ana kwa ana ina jumla ya alama 150. Vipande vitatu, 30 kila kimoja. Skeli na arpejio (ngazi za sauti, na noti za akodi zikipigwa moja moja) 21, kusoma noti papo hapo 21, mtihani wa sikio 18. Kufaulu ni 100, meriti 120, distinkshen 130. Hakuna sheria ya kufaulu kila sehemu, kinachohesabiwa ni jumla. Kwa hiyo mtoto wako akipata 24 kwa kila kipande (72), skeli 16 na sikio 13, tayari ana 101 kabla hajasoma noti hata moja. Na akijaribu kusoma, hata vibaya, hapati chini ya 7. Sifuri hupewa asiyejaribu kabisa. Hilo mwambie mapema, kwa sababu watoto wengi wakikosea noti ya pili hushusha fidla na kunyamaza, na kunyamaza ndiko kunakokula alama.

Video, wanayoiita Performance Grade, ilianza 2020. Vipande vinne vya alama 30 kila kimoja, na 30 nyingine kwa onyesho zima. Jumla ni ile ile 150, na viwango vya kufaulu ni vile vile. Hakuna skeli, hakuna sikio, hakuna kusoma.

Kwa maelezo uliyotoa, video ndiyo itakayompa cheti kizuri zaidi, na ndiyo nisiyokushauri.

Nyuzi_Nne
Mwalimu, hapo umekuwa mkali. Video si njia ya mkato. Vipande vinne hupigwa mfululizo, kamera haizimwi, hakuna kukata wala kuunganisha. Kipande cha nne kikiharibika unarudia vyote vinne. Kuna watoto wanaopiga vitatu vizuri na cha nne mkono umechoka, upinde unateleza kuelekea ubao wa vidole, sauti inakuwa ya kupuliza. Stamina hiyo inafundishwa, nayo ina thamani jukwaani.

Kuhusu gharama: ABRSM inaruhusu piano iliyorekodiwa kwenye video. Mbele ya mtahini lazima awepo msindikizaji mwenyewe, kwa kawaida mpiga piano, na unamtafuta wewe. Mtahini hapigi. Hesabu malipo ya siku ya mtihani na mazoezi yasiyopungua mawili. Mtoto akikutana naye mlangoni asubuhi ile ile, ataanza kwa mwendo wake na piano kwa mwendo mwingine.

Ukichagua video, simu iwekwe kwenye stendi imara, si mkononi mwa mtu, na ionyeshe mtoto, fidla na mkono wote wa upinde mpaka mwisho wa upinde. Chumba chenye pazia na zulia kinafaa kuliko sebule ya vigae matupu. Zima ile sehemu ya simu inayochuja kelele, kwani hudhani noti ndefu ya fidla ni mvumo wa feni na kuifinya. Spika ya piano isiwe karibu na simu kuliko mtoto. Rekodi ya kujaribu dakika mbili, isikilize kwa visikizio, kisha ndipo urekodi ya kweli.

BabaSelo
Trinity imeachwa pembeni na ndiyo ingemfaa. Jumla ni 100: vipande vitatu vya 22, kazi ya ufundi 14, na majaribio mawili ya alama 10 kila moja. Kufaulu 60, meriti 75, distinkshen 87. Mpaka gredi 5 mtoto anachagua majaribio mawili kati ya manne: kusoma noti, sikio, kubuni, au maarifa ya muziki, yaani kuulizwa maswali juu ya vipande alivyopiga. Asiyesoma vizuri anachukua sikio na maarifa. Na mpaka gredi 3 wanakubali piano iliyorekodiwa hata mbele ya mtahini. Hapo umeokoa pesa ya mpiga piano na mtoto bado amekaa mbele ya mtu.

Jambo jingine: ABRSM inadai theori gredi 5, yaani mtihani wa nadharia ya muziki (au mbadala wake wanaoukubali), kabla ya kufanya gredi 6, 7 au 8, na video nayo imo kwenye sharti hilo. Trinity haidai. Vyeti vyote viwili vinatambuliwa na Ofqual, mdhibiti wa mitihani wa Uingereza, hivyo wanaosema kimoja ni cha mitaani wanapotosha.

Mwl_Kigingi
Hesabu zako ni sahihi, Baba. Malizia basi: Trinity gredi 6 kusoma noti si hiari tena. Mtoto aliyekwepa tangu gredi 1 anafika pale na vidole vya gredi 6 na macho ya gredi 1. Anaanza kufundishwa kuhesabu akiwa na miaka 14, umri ambao hapendi kuonekana anajifunza vya watoto. Video hali ni ile ile. Deni halifutwi.

Theori nayo si adhabu. Gredi 5 inagusa skeli zenye shap na flati hadi sita, ufunguo wa «tenor», kuhamisha noti kwa vyombo kama klarineti, na akodi chache. Akianza akiwa gredi 4 ya vidole, kwa nusu saa kwa wiki, ataimaliza bila vita.

Violasi
Mimi niseme la okestra, maana hapo ndipo kusoma kunapojulikana kuwa ni nini. Kwenye somo la peke yake mtoto akikosea husimama, anarudi nyuma, anarekebisha. Kwenye okestra watu 40 hawamsubiri. Kinachomwangusha mtoto wa gredi 3 si noti ngumu. Sehemu ya fidla ya pili kwenye okestra za watoto mara nyingi hukaa pozisheni ya kwanza (mkono karibu na kichwa cha fidla), skeli za D, G na A. Kinachomwangusha ni vipimo 14 (vigawanyo vya mapigo) vya kunyamaza kisha kuingia kwa pigo la tatu. Anayepiga kwa kuiga hungoja jirani aanze, hivyo huchelewa nusu pigo siku zote, na mwongoza okestra huliona hilo kabla ya dakika tano.

Lakini okestra hiyo hiyo ndiyo dawa. Huko Venezuela, mfumo ulioanzishwa na José Antonio Abreu mwaka 1975 uliwaweka watoto kwenye kundi tangu mwanzo, ufundi wa mmoja mmoja ukafuata ndani ya kundi. Hapa Nairobi, Ghetto Classics ya Korogocho, iliyoanza 2008 na iliyo chini ya Art of Music Foundation, nayo imelea watoto ndani ya okestra. Kwa hiyo «okestra kwanza» si wazo la ajabu.

Masharti yangu matatu. Akae dawati la nyuma na mtoto anayesoma vizuri kidogo kumzidi, asiwe nyota. Apate karatasi zake wiki mbili kabla. Na mzazi akague begi: penseli laini na kifutio, kamwe si kalamu ya wino, sababu alama za upinde hubadilishwa kila zoezi. Wawili hushiriki stendi moja. Aliyekaa ndani, mbali na watazamaji, ndiye anayegeuza ukurasa huku wa nje akiendelea kupiga. Mtoto asiyejua hilo hugeuza wote wawili pamoja na sauti inakatika.

Nyongeza kidogo: fidla ni nyingi kila mahali, viola, ndugu yake mkubwa mwenye sauti nzito, ni adimu. Fidla ndogo inaweza kufungwa nyuzi za viola (C G D A) mtoto akajaribu. Ila atajifunza ufunguo wa alto, kwa hiyo asiyesoma vizuri bado asubiri.

FundiUpinde (Mombasa)
La saizi mmelipita. Pima mkono wa kushoto ukiwa umenyooshwa pembeni, kutoka shingoni hadi katikati ya kiganja. Majedwali hutofautiana kidogo, lakini sentimita 47 hadi 51 ni nusu, 51 hadi 56 ni robo tatu, zaidi ya hapo fidla kamili. Halafu hakiki kwa chombo chenyewe: fidla begani, mkono unyooke chini yake, vidole vikizunguke kichwa cha fidla huku kiwiko kimekunjika kidogo. Kiwiko kikikaza, ni kubwa. Usinunue kubwa eti ataikulia. Kidole cha nne hakifiki, mtoto anaukunja mkono mzima kukifikisha, na tabia hiyo hubaki.

Kama mtihani uko chini ya wiki sita, abaki na nusu. Nafasi kati ya vidole hupanuka kwenye robo tatu, na kila noti aliyoizoea itakuwa chini kidogo mpaka sikio na mkono vielewane. Nyuzi mpya nazo ziwekwe wiki mbili kabla, maana siku za mwanzo hunyooka na kushuka.

Badilisha uzi mmoja mmoja. Ukilegeza zote kwa pamoja, daraja (kibao kinachoinua nyuzi) linaanguka, na kile kijiti cha ndani kinachosimama chini ya daraja bila gundi kinaweza kuanguka pia, kisha unamtafuta fundi mwenye kifaa chake. Kila ukikaza, angalia daraja kwa ubavu: upande unaotazama kishikio cha nyuzi usimame wima. Ukikaza mara nyingi, nyuzi hulivuta kichwa chake kuelekea ubao wa vidole, na lisiporudishwa hupinda moja kwa moja. Lishike kwa vidole gumba na vya shahada vya mikono yote miwili, lisukume polepole.

Na wa Pwani wanaosafiri kwenda Nairobi kwa mtihani: huku unyevu unavimbisha mbao, vigingi vya kukazia nyuzi vinagoma kuzunguka. Kule juu hewa kavu ya Januari na Februari huvilegeza, unafungua boksi na nyuzi zote zimelala. Sukuma kigingi kwa ndani huku ukizungusha. Fikeni jana yake, si asubuhi ile.

Udi_na_Fidla (Unguja)
Asalaam aleikum. Huyo mtoto anayeiga kwa sikio msimwone mgonjwa. Katika taarabu fidla hufundishwa kwa kusikia, na maqamu (ngazi za sauti za Kiarabu) kama rasti na bayati zina sauti zinazoangukia kati ya vitufe viwili vya piano. Mtoto aliyebandikiwa utepe kwenye ubao wa vidole hazipati mpaka utepe utolewe. Hapa Unguja Dhow Countries Music Academy inafundisha taarabu na noti za kimagharibi chini ya paa moja, na moja haijaiua nyingine.

Sikio hilo lina alama 18 ABRSM na 10 Trinity. Mwacheni azichukue. Kusoma kuongezwe, sikio lisinyanyaswe.

Mama Riziki
Ahsanteni sana. Mwl_Kigingi, tuseme nimekataa video. Kusoma kunafundishwaje nyumbani na mzazi asiyejua noti?

Mwl_Kigingi
Dakika saba kila siku, mwanzo wa zoezi, kabla ya vipande. Tafuta vitabu vya kusoma papo hapo vya gredi mbili chini yake, kwa hiyo anza na gredi 1. Mstari mmoja mpya kwa siku. Ukishapigwa mara moja, umekwisha. Akirudia mara ya tatu ameukariri, hajausoma.

Kwenye mtihani hupewa nusu dakika ya kutazama na kujaribu, basi zoeza hiyo hiyo kwa saa ya simu. Sekunde 5: alama za skeli, aseme kwa sauti ni shap gani. Sekunde 5: mapigo kwa kipimo. Sekunde 10: atafute mahali penye noti fupi kuliko zote, apige makofi hapo tu. Zilizobaki: ajaribu mstari wa mwanzo na noti ya mwisho. Kisha metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) kwa mapigo 60 kwa dakika, na sheria moja: hairuhusiwi kusimama. Wewe usiyejua noti kazi yako ni hiyo tu, kusikiliza kama amesimama. Noti mbaya ipite.

Akifika mahali anaweza kukosea noti tatu na bado akamaliza pamoja na metronomu, mpeleke okestra na umwandikishe ABRSM ya ana kwa ana. Gredi haziendi kwa foleni, anaweza kuruka 3 akafanya 4.

BabaSelo
Nakubali kwa shingo upande. Ila mpiga piano mtafute sasa. Msimu wa mtihani ukikaribia, walewale wachache wanakuwa wameshachukuliwa na shule, na muulize kabisa kama ana toleo lile lile la noti analotumia mtoto.

Nyuzi_Nne
Na asije na fotokopi. Kitabu halisi kiwe kwenye begi.