Tupeane uzoefu: gari za otomatiki kwenye barabara zetu

Mama Zuhura, Mbale: Leo jirani kavutwa kwa kamba kutoka sokoni, gari ya otomatiki, magurudumu ya mbele yanazunguka chini. Roho iliniuma. Injini ikizimwa, pampu ya oili ya giaboksi nayo imelala, vyuma vinasagana vikavu. Ibebwe, au magurudumu yanayoendeshwa na injini yanyanyuliwe! Mwenye yaliyomkuta aseme.

Wa Kisoro: Mama Zuhura, umenitonesha kidonda. Nilikuwa na msiba kwetu, nikapeleka Nissan Note gereji moja Kampala ibadilishwe oili kabla ya safari. Giaboksi yake ni CVT, ndani mkanda wa chuma unabanwa kati ya puli mbili, na inataka oili yake, NS-3. Fundi akamwaga ya otomatiki za kawaida, nikiulizwa malipo tu.

Mpaka Kabale hakuna neno. Kupanda mlima wa Kanaba ndiyo shughuli. Nakanyaga, injini inalia, gari inatambaa. Ukungu, bonde pembeni, nyuma lori la saruji linapiga honi, mama kashika rozari. Mara nguvu zikakata, gari ikaanza kurudi nyuma. Breki, handibreki, shemeji akaruka nje na jiwe akalisukumia chini ya tairi. Harufu ya oili iliyoungua ilijaa mpaka kwenye nguo. Mjomba tulimkuta ameshazikwa.

Dada wa Jinja: Uwii, pole sana kaka.

Boss Ndeeba: Ndiyo maana nasema CVT ziachwe Japan. Nunua manuali ulale usingizi.

Fundi Katwe: Usiitukane giaboksi kwa kosa la mtu. Mimi nazifungua kila siku. Nyingi zinakufa kwa oili isiyo yake au oili iliyozeeka.

Boss Ndeeba: Na nyie mafundi ndio mnaomwaga!

Fundi Katwe: Si wote, mzee. Chunga mdomo.

Dada wa Jinja: Jamani, kwenye foleni ya Clock Tower mnaweka N, ile gia huru?

Boss Ndeeba: N kila mkisimama, giaboksi ipumzike.

Fundi Katwe: Kusimama kidogo, D, gia ya kwenda mbele, na mguu kwenye breki inatosha. Foleni ikilala kabisa, sawa, N na handibreki. Ila mteremkoni usithubutu N, injini haikusaidii tena kushika gari. Weka L, gia ndogo, au B kama unayo, injini ikusaidie kushika gari.

Mzee wa Kapchorwa: Hilo la L nalithibitisha. Huku kwetu wanashuka na D na breki tu, wanafika chini magurudumu yanatoa moshi.

Mama Zuhura, Mbale: Wa Kisoro, Note ilipona?

Wa Kisoro: Puli zilikwaruzwa, haikufaa. Nilinunua giaboksi iliyotumika pale Kisekka, kwenye soko la vipuri Kampala. Safari hii nilisimama na fundi, kopo nikalisoma mwenyewe, ndipo akamwaga. Mpaka sasa Kanaba inapanda.

Dada wa Jinja: Nitumie picha ya hilo kopo, kaka. Yangu nayo ni Note.