Naomba ushauri: mwanamke mkimya ajijengee vipi mtandao wa kikazi Nairobi?

Dada zangu, hamjambo. Mimi ni mhasibu, ofisi yetu iko Upper Hill. Kazini naongea vizuri tu, hata mbele ya wakurugenzi. Shida ni semina. ICPAK, chama cha wahasibu wa Kenya, hututaka tuwe na saa za mafunzo endelevu kila mwaka, kwa hiyo kuhudhuria ni lazima, na wote tunajua mipango ya maana husukwa wakati wa chai. Watu husimama duara, kikombe mkono huu, sambusa mkono ule, wanacheka. Mimi huzunguka meza ya chai nikisoma majina kwenye beji, kisha narudi kitini.

Mwenzangu ofisini ni mchangamfu ajabu, hurudi na rundo la kadi. Lakini ananiambia wiki ikipita hakuna anayepokea simu yake. Kwa hiyo sidhani dawa ni kumwiga. Mwanasaikolojia Carl Jung alipoandika mwaka 1921 kuhusu watu wanaoelekea ndani, kama sisi wakimya, na wanaoelekea nje, hakusema upande mmoja ni kasoro.

Mnaingiaje kwenye duara la watu wanaojuana? Je, kumwandikia mtu kwenye LinkedIn kabla ya semina, nimwombe dakika chache za mazungumzo, ni utovu wa adabu? Na akiwa mwanamume mwenye cheo, niandikeje asinielewe vingine? Hafla za jioni Westlands siziwezi, mtoto bado mdogo na matatu za kwetu Utawala usiku ni taabu. Wakimya wenzangu mliofika mbali, tafadhali nielezeni mlivyofanya, hatua kwa hatua.